Theluthi moja au zaidi ya nusu? Homa ya mafua na hesabu ya kizingiti

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Nilikuwa natayarisha somo kuhusu modeli za magonjwa, nikakutana na kanuni inayosema kwamba kama mgonjwa mmoja wa homa ya mafua anaambukiza wastani wa watu 1.5, basi theluthi moja ya watu wakishapata kinga ugonjwa hauna tena nguvu ya kuenea. Nikaingiza 1.5 hiyo hiyo kwenye kompyuta, na ugonjwa ukaambukiza asilimia 58 ya watu. Nimekosea wapi? Na kama theluthi moja inatosha, kwa nini tuhangaike kufunga shule badala ya kuiacha theluthi hiyo iugue tumalizane nayo?

Jibu: Mwalimu, hujakosea. Namba zote mbili ni sahihi, zimetoka kwenye milinganyo ile ile, na pengo lililo kati yake ndilo linalojibu swali lako la pili. Nimewaona watu wenye shahada kubwa kuliko zangu wakijikwaa hapo hapo, tena mbele ya kamera, kwa hiyo usione haya.

Nianze na kile ulichokiweka kwenye kompyuta ili wasomaji wengine wasiachwe nyuma. Modeli hiyo inatokana na makala ya mwaka 1927 ya Waskoti wawili, William Kermack na Anderson McKendrick. McKendrick alikuwa daktari wa jeshi aliyetumikia miaka mingi India. Kermack alikuwa mkemia aliyepofuka kwa ajali ya maabara mwaka 1924, na hilo halikumzuia kuendelea na hesabu. Waligawa watu wote wa mji katika mafungu matatu: walio hatarini, wanaoambukiza, na waliotoka kwenye mzunguko, ama kwa kupona ama kwa kufa. Kila siku baadhi ya walio hatarini wanakutana na wanaoambukiza na kuhamia fungu la pili, na baadhi ya wanaoambukiza wanahamia la tatu. Basi, hakuna kingine mle ndani. Ila neno "wanakutana" lina uzito wake: maambukizi mapya ni zao la mafungu mawili, walio hatarini mara wanaoambukiza. Lolote kati ya hayo mawili likipungua, zao linapungua. Lakini hayapungui kwa wakati mmoja, na fumbo lako lote limelala hapo.

Chukua mji wa watu 1000 ambao hakuna hata mmoja mwenye kinga. Ile 1.5, ambayo sisi huiandika R yenye sifuri ndogo chini yake, ni wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja angewaambukiza kama kila anayekutana naye yuko hatarini. Mwanzoni ndivyo ilivyo. Siku zinavyokwenda, baadhi ya hao anaokutana nao wameshaugua, kwa hiyo anaambukiza pungufu ya 1.5. Waliobaki hatarini wakifika 667, yaani theluthi mbili, mgonjwa mmoja anaambukiza wastani wa mtu mmoja kamili: 1.5 mara theluthi mbili. Hicho ndicho kizingiti kwenye kanuni yako, moja toa (moja gawanya kwa R). Toka hapo kila mgonjwa anaacha nyuma pungufu ya mgonjwa mmoja, na mlipuko unaanza kushuka.

Unaanza kushuka. Haujasimama. Siku kizingiti kinapofikiwa, ndiyo siku ambayo wanaoambukiza ni wengi kuliko siku nyingine yoyote. Ukiutatua mlinganyo utapata kwamba siku hiyo wapo 63 kati ya 1000 wanaoambukiza kwa mkupuo. Watu 63 hao hawaondoki kwa sababu kanuni imetimia. Kila mmoja anaambukiza karibu mtu mmoja, hao nao wanaambukiza pungufu kidogo, na wengine pungufu zaidi, kama chombo kilichoshusha tanga kikiwa na mwendo: hakisimami palepale, kinateleza mpaka mwendo uishe. Kufika mwisho, watu 583 wameugua. Waliougua kabla ya kilele ni 333, na waliobaki, 250, wameugua baada ya "kinga ya jamii" kupatikana. Kwa hesabu ya kizingiti, kuugua kwa hawa 250 hakukuhitajika. Mwendo tu ndio uliowabeba.

Kwa hiyo kanuni ya theluthi moja inajibu swali moja: ni wangapi wawe na kinga kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia ili mlipuko usianze? Kompyuta yako ilijibu lingine: mlipuko ukiachwa uanze bila kuguswa, utaishia wapi? Kwa la pili kuna mlinganyo wake, na wanafunzi wako wanaweza kuujaribu kwa kikokotoo. Sehemu ya watu watakaougua, tuiite z, ni moja toa e (ile namba ya 2.718 hivi) iliyopandishwa kwa hasi R mara z. Huwezi kuitoa z peke yake upande mmoja kwa aljebra ya kawaida, lakini ukikisia 0.5, ukaingiza, ukachukua jibu na kuliingiza tena, baada ya mizunguko kadhaa inatulia kwenye 0.583. Kwa R ya 1.3 inatulia karibu na 0.42, wakati kizingiti chake ni asilimia 23 tu. Kwa R ya 2 ni karibu 0.80, na kizingiti ni nusu. Katika mifano yote mitatu, ugonjwa ulioachwa unapita kizingiti kwa mbali.

Sasa lile la kuiacha theluthi ipite tukamalizana nayo. Huwezi kuagiza theluthi tu. Ukiuachia mlipuko, unalipa asilimia 58, na unailipa katika wiki chache, wagonjwa 63 kwa kila watu 1000 wakiwa wagonjwa siku moja. Hospitali haijali sana jumla ya mwaka. Inajali vitanda vya Jumanne.

Tazama kinachotokea ukipunguza mikutano ya watu kwa asilimia 20 tu na kukaa hivyo mpaka mlipuko uishe. R inashuka toka 1.5 hadi 1.2. Mtu angetarajia wagonjwa wapungue kwa asilimia 20 pia. Lakini kilele kinashuka toka wagonjwa 63 hadi 15. Jumla ya walioambukizwa inashuka toka 583 hadi 314. Sababu ni kwamba maambukizi yanajizidisha. Kati ya mgonjwa mmoja wa mafua na yule anayemwambukiza hupita siku tatu hivi, kwa hiyo mwezi mmoja una vizazi kama kumi. Zidisha 1.5 kwa yenyewe mara kumi upate karibu 58. Zidisha 1.2 kwa yenyewe mara kumi upate 6 na kidogo. Tofauti ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo, baada ya mwezi imekuwa karibu mara kumi.

Na hapa pana jambo ambalo mimi binafsi sikuliamini mpaka nilipolikokotoa kwa mkono wangu. Mlipuko ule wa asilimia 20 ukishaisha, waliobaki hatarini ni 686 hivi. Kizingiti cha maisha ya kawaida ni 667. Yaani umetua karibu kabisa na mstari. Ukifungua kila kitu kesho yake na kirusi kikarudi, kitapata nguvu kidogo sana, kitaambukiza watu wasiozidi 40, kisha kitakufa. Jumla yote inakuwa kama 350 badala ya 583. Watu zaidi ya 200 katika kila 1000 wameepuka kuugua bila chanjo wala dawa, kwa kuwa tu mlipuko ulifika kizingitini polepole na haukuwa na mwendo wa kuupitiliza.

Sasa geuza. Badala ya asilimia 20, punguza mikutano kwa nusu tangu siku za mwanzo. R inakuwa 0.75 na mlipuko unazimika haraka, wameugua wachache mno. Kila mtu anafurahi, vizuizi vinaondolewa, na wale 1000 karibu wote bado wako hatarini. Mgonjwa mmoja akiingia toka nje, unarudi kwenye 1.5 kama ilivyokuwa, na mwisho wake ni 583 ile ile, kilele kile kile. Kwa namba hizi, hatua kali za muda mfupi bila kitu cha kuzifuata zimeahirisha tu. Hilo halimaanishi hazina faida: kuahirisha ni dhahabu kama kuna chanjo njiani au kama kuna vitanda vya kuongeza. Lakini ukimuuliza mtunga sera anaahirisha mpaka lini na asubiri nini, awe na jibu.

Haya hayakutungwa na kompyuta. Mwaka 1918, katika janga kubwa la mafua, miji ya Marekani iliyafanya kwa watu halisi. Philadelphia ilipata wagonjwa wa kwanza wa kiraia katikati ya Septemba, ikaruhusu maandamano makubwa ya kuuza hati za mkopo wa vita tarehe 28 Septemba, na haikufunga shule na makanisa mpaka mwanzoni mwa Oktoba. St. Louis iliripoti wagonjwa wake wa kwanza wa kiraia tarehe 5 Oktoba, ikafunga siku mbili baadaye. Watafiti waliorudia takwimu hizo mwaka 2007 walikuta kwamba vifo vya wiki mbaya kabisa vilikuwa 257 kwa kila watu 100,000 kule Philadelphia, na St. Louis havikuzidi 31 muda wote hatua zilipokuwa zikifanya kazi. Hadithi hii inapendwa sana, na mara nyingi husimuliwa ikaishia hapo. Sehemu ya pili ni kwamba St. Louis ilipolegeza, ugonjwa ulirudi. Mpaka Desemba 28 jumla ya vifo vya ziada, yaani vilivyozidi vile vya kawaida, St. Louis ilikuwa 347 kwa kila 100,000, na Philadelphia 719. Kilele kilipungua mara nane, jumla ikapungua kwa nusu. San Francisco nako watu walivua barakoa kwa shangwe tarehe 21 Novemba 1918, ving'ora vikilia mchana, na kufikia Januari amri ya kuzivaa ikarudishwa. Ukichora grafu ya mji huo unaona vilele viwili, na kilele cha pili hakihitaji kirusi kipya kukieleza. Kinaelezwa na idadi ya watu waliobaki hatarini.

Pengine unajiuliza kama hatua ndogo kama kukaa nyumbani ukiwa na homa zinaweza kweli kubadilisha kitu. Kwa surua, hapana. Mgonjwa wa surua huambukiza watu 12 hadi 18 katika jamii isiyo na kinga, na ukipunguza maambukizi yake kwa nusu bado ana 6 hadi 9. Mafua ni kiumbe dhaifu kwa kulinganisha. Makadirio ya kati kwa mafua ya msimu ni karibu 1.3, kwa janga la 2009 karibu 1.5, na kwa 1918 karibu 1.8. Hiyo 1.3 ya kila msimu imeshakatwa tayari na kinga ambayo watu wanayo kutokana na misimu iliyopita. Nguvu ya mafua ni mbio zake, siku tatu kwa kizazi, na tabia yake ya kuambukiza kabla mtu hajajijua kuwa mgonjwa. Ndiyo maana kuwatenga wagonjwa peke yake hakuwezi kuyamaliza jinsi kulivyomaliza SARS mwaka 2003: ule ulikuwa ugonjwa ambao mtu huambukiza zaidi akiwa amelala hoi, kwa hiyo ukimpata mgonjwa umepata maambukizi. Kwa mafua, ukimpata mgonjwa umechelewa tayari.

Lakini namba ndogo ni namba ndogo. Kuitoa 1.3 chini ya 1 unahitaji kukata robo ya maambukizi, basi. Mwaka 2020 tuliliona bila kulipanga. Hatua zilizowekwa dhidi ya UVIKO-19, zilizoshindwa kuumaliza ugonjwa huo, ziliyafuta mafua ya msimu karibu dunia nzima. Aina moja nzima ya virusi vya mafua, ukoo wa B uitwao Yamagata, haijathibitishwa tena kuzunguka tangu Machi 2020, na chanjo zimeanza kuondolewa sehemu yake. Barakoa zile zile, shule zile zile zilizofungwa: ugonjwa mmoja uliendelea, mwingine ulizimika. Kilichotofautiana ni R ya kuanzia.

Tuje kwenye chanjo, kwa sababu hapo ndipo kanuni yako ya theluthi moja inapokuwa na kazi halali. Chanjo inampeleka mtu fungu la tatu bila kupitia la pili, kwa hiyo unafika kizingitini bila mwendo wowote. Tatizo ni ubora. Chanjo ya mafua katika mwaka mzuri hupunguza ugonjwa kwa asilimia 40 hadi 60 hivi. Kama inazuia maambukizi kwa nusu, theluthi moja yenye kinga inataka theluthi mbili wachanjwe. Kama mwaka huo virusi vimebadilika na chanjo inazuia asilimia 30 tu, kanuni inadai uchanje asilimia 111 ya watu. Wanafunzi wako watacheka, na wacheke. Jibu la aina hiyo ni njia ya hesabu ya kusema kwamba lengo uliloweka halifikiki kwa chombo hicho peke yake. Nyongeza ndogo ya kupunguza mikutano, ile 1.5 ikawa 1.3, inarudisha hitaji hadi asilimia 77. Linafikika kwa shida, lakini linafikika.

Halafu kuna swali la nani achanjwe, na hapa modeli ya mafungu matatu inakosa macho. Inachukulia kwamba kila mtu ana nafasi sawa ya kukutana na kila mtu, jambo ambalo si kweli hata kwenye familia. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 uliwapa watu 7,290 wa nchi nane za Ulaya shajara waandike kila waliyekutana naye kwa siku moja. Yalikusanywa makutano karibu 98,000. Watoto na vijana wa umri wa shule ndio waliokuwa na mengi kuliko wote, na zaidi sana kati yao wenyewe. Ukizigawa fungu zako kwa umri na kuingiza jedwali hilo la makutano, modeli inabadilisha ushauri wake: ukitaka kumlinda bibi, pengine ni bora umchanje mjukuu. Kinga ya bibi hujengeka kwa shida hata akichanjwa, na mjukuu ndiye anayeleta kirusi nyumbani. Wazo hili lilijaribiwa kwa haki. Katika vijiji vya jamii ya Wahutteri nchini Kanada, ambako watu huishi na kula pamoja mbali na miji, watoto wa vijiji vilivyochaguliwa kwa kura walipewa chanjo ya mafua na wa vijiji vingine wakapewa chanjo ya ugonjwa mwingine. Matokeo yalitoka mwaka 2010: wale ambao hawakuchanjwa, lakini waliishi kwenye vijiji vya watoto waliochanjwa mafua, walikuwa na kinga ya asilimia 61 ya bure kabisa. Uingereza ilianza kuchanja watoto dhidi ya mafua mwaka 2013, na hesabu za modeli zilikuwa na sehemu kubwa katika uamuzi huo.

Hilo pia linajibu kwa nini shule ndizo zinazotajwa kwanza. Siyo chuki dhidi ya walimu! Watafiti wa Ufaransa walipitia miaka mingi ya takwimu za mafua na kuzilinganisha na kalenda ya likizo, na matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba likizo hupunguza maambukizi kwa watoto kwa asilimia 20 hadi 29, bila kuonekana kuwagusa watu wazima. Wakakadiria kwamba kufunga shule kwa muda mrefu katika janga kungepunguza kilele kwa asilimia 39 hadi 45, lakini jumla ya wagonjwa kwa asilimia 13 hadi 17 tu. Kilele sana, jumla kidogo: unaitambua sura hiyo sasa, tumeiona St. Louis. Kama hizo asilimia zinastahili gharama ya mtoto kukosa masomo na mzazi kukosa kazi, hesabu ya maambukizi haiwezi kukwambia. Mtu akikuambia "modeli inasema tufunge shule", muulize ni kipengele gani cha modeli kilichopima thamani ya muhula mmoja.

Kuhusu mipaka ya nchi sitakaa sana. Mwendo ni ule wa kuzidisha: ukizuia wasafiri tisa kati ya kumi, mlipuko unaanza baada ya kuchelewa kwa muda unaotosha kuzidisha mara kumi. Kwa 1.5 hiyo ni vizazi sita hivi, chini ya wiki tatu. Ni umeme wa kuwasha taa kwa dakika chache zaidi. Kuna kazi ya kufanya katika dakika hizo, mradi ifanywe.

Nisikuachie picha ya kwamba modeli hizi hazidanganyi. Zinadanganya, na mfano unaopendwa kuliko yote vitabuni ndio unaonichoma. Januari 1978 mafua yaliingia katika shule moja ya bweni ya wavulana Uingereza. Wavulana walikuwa 763, na 512 waliishia kitandani. Jarida la madaktari la nchi hiyo lilichapisha idadi ya waliolala kila siku, na tangu hapo kila kozi ya modeli huitumia, kwa sababu mkunjo unakaa juu ya nukta kama kofia iliyopimwa. R inayotoka ni karibu 3.7. Sasa chukua 3.7 hiyo uitie kwenye mlinganyo wa z nilioutaja juu. Inakuambia asilimia 97 ya wavulana waliambukizwa. Waliolala ni asilimia 67. Theluthi iliyobaki ilikwenda wapi? Huenda wengi waliambukizwa bila kulala, huenda baadhi walikuwa na kinga kiasi. Jambo moja tunalijua: kirusi kilikuwa cha aina ya H1N1, ambayo ilitoweka mwaka 1957 na kurudi 1977, kwa hiyo wavulana hawakuwahi kukutana nayo, na kati ya watu wazima wapatao 130 waliokuwa karibu nao, aliyeugua vile vile ni mmoja tu. Mkunjo ulikaa vizuri, na bado haukuweza kutuambia nani aliambukizwa. Kila ninapoonyeshwa grafu inayopita katikati ya nukta zote kwa ulaini, huwa nauliza kwanza nukta zenyewe zinahesabu nini: waliougua, waliopimwa, au waliolala?

Udanganyifu wa pili ni wa utabiri wa mbali. Mwanzoni mwa janga la 2009 makadirio ya R yalikuwa 1.4 hadi 1.6, na kwa wiki za mwanzo hiyo ni kazi safi. Lakini zidisha 1.4 kwa yenyewe mara ishirini, yaani vizazi vya miezi miwili: 837. Zidisha 1.6 kwa yenyewe mara ishirini: zaidi ya 12,000. Ukingo wa makadirio mazuri umezaa majibu yanayotofautiana mara 14 kabla hata hujaingiza tabia za watu. Kwa hiyo mtaalamu akitaja idadi moja ya wagonjwa wa miezi miwili ijayo bila kutaja upana wa makisio yake, mwamini kidogo. Wenye data nyingi nao hawakusalimika: Google ilijaribu tangu 2008 kupima mafua kwa maneno ambayo watu wanatafuta mtandaoni, ikalikosa wimbi la kwanza la 2009, kisha msimu wa 2012–13 ikakadiria mafua karibu mara mbili ya hali halisi. Huduma hiyo ilifungwa 2015. Watu wanatafuta neno "homa" wanapoogopa, siyo wanapougua tu.

Ninachoamini kwenye modeli ni mlinganisho. Sijui kama mji wako utapata wagonjwa 583. Ninajua kwa uhakika mkubwa zaidi kwamba kufunga mapema kidogo na kwa kiasi kutaleta kilele cha chini kuliko kufunga sana na kwa kuchelewa, kwa sababu mpangilio huo unabaki vile vile hata ukiibadilisha R toka 1.3 hadi 1.8. Wanafunzi waifanye hiyo: wabadilishe namba wasiyo na uhakika nayo na kutazama ni majibu gani yanayumba na ni yapi yanakaa.

Kwa somo lako, lahajedwali inatosha. Safu tatu za mafungu, mstari mmoja kwa kila hatua ya muda, R ya 1.5, na muda wa kuambukiza wa siku tatu. Waambie waweke alama kwenye mstari ambapo walio hatarini wanapungua chini ya 667, kisha wahesabu wangapi wanaugua chini ya alama hiyo. Baadaye wabadilishe R iwe 1.2 kuanzia siku tofauti tofauti, wairudishe 1.5 siku tofauti tofauti, na washindane ni nani atakayepata jumla ndogo kuliko wote kwa siku 60 za vizuizi, si zaidi. Nakuonya kwamba wengi wataanza mapema mno. Na hatua ya muda iwe robo siku, isiwe wiki. Modeli yangu ya kwanza ilikwenda kwa hatua za wiki na R kubwa, nikaipeleka kwa msimamizi wangu nikiwa na fahari, akaniuliza kwa upole kama nimeona kwamba kwenye wiki ya sita mji una watu hasi 40.